Risasi ipi kwa shabaha ya mita 1,000 ukiwa Mwanza: .223, .308 au 6.5 Creedmoor?

Anayetaka kuanza kulenga shabaha za mbali hapa Mwanza huwa na swali moja kabla hata hajafika kwenye bunduki yenyewe: nichukue risasi gani? Majibu anayopewa huwa ya aina mbili. Mmoja humwambia achukue nzito, kwa kuwa nzito haiyumbi. Mwingine humwambia achukue yenye kasi, kwa kuwa haipati muda wa kuanguka. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, ila hawajafika kwenye kinachoamua alama kuanzia mita 600 kwenda mbele. Kinachoamua ni kasi ambayo risasi inaipoteza njiani. Kadiri inavyoipoteza zaidi, ndivyo upepo unavyoisukuma mbali zaidi na kiini.

Nitalinganisha risasi tatu ambazo mlengaji wa kiraia hukutana nazo kweli (namba za majina yao ni takriban kipenyo: .223 na .308 kwa inchi, 6.5 kwa milimita): .223 Remington yenye kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha greini 77 (gramu 5), .308 Winchester ya greini 175 (gramu 11.3), na 6.5 Creedmoor ya greini 140 (gramu 9.1). Msimamo wangu nausema mapema. Aliye huru kuchagua na mwenye nia ya kufika mita 1,000 achukue 6.5 Creedmoor. Anayekusudia kushindana katika madaraja yanayobana aina ya risasi achukue .308, na aichague kwa makini kwa sababu si kila .308 inafika huko salama. Hiyo .223 ni ya mita 600 na chini yake. Mwishoni nitamtaja mdogo wa nne ambaye wengi humdharau.

Kwanza tuondoe hofu ya kuanguka. Mvutano wa dunia haubadiliki kati ya asubuhi na mchana. Ukijua risasi yako inashuka kiasi gani kwenye umbali fulani, unazungusha kirungu cha darubini kliki (hatua ndogondogo za marekebisho) zinazohitajika na jambo limekwisha. Kwa hali ya hewa ya Mwanza, .308 niliyoitaja inashuka takriban mita 13 chini ya mstari wa mtutu ifikapo mita 1,000, na 6.5 inashuka zaidi kidogo ya mita 10. Tofauti ya mita tatu inaonekana kubwa, lakini ni tofauti inayojulikana kabla hujavuta traiga, na darubini nzuri inaimudu. Upepo haukupi nafasi hiyo. Unaweza kuusoma vizuri, ukashusha pumzi, na katika sekunde mbili ukawa umeshageuka.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea mantiki. Hudhani upepo unaisukuma risasi ubavuni kama unavyosukuma karatasi, hivyo risasi nzito lazima iwe imara zaidi. Kinachotokea ni kingine. Risasi inayozunguka vizuri ikikutana na upepo wa ubavuni hugeuza ncha yake kidogo kuelekea upepo unakotoka. Kuanzia hapo ukinzani wa hewa, ambao ni nguvu kubwa, hauivuti tena nyuma moja kwa moja, bali nyuma na pembeni. Kwa hiyo risasi isiyokinzwa sana na hewa haisukumwi sana pia. Kanuni yake ni rahisi kuikumbuka, nayo ilijulikana tangu karne ya 19: chukua muda ambao risasi imetumia kufika, toa muda ambao ingetumia kama isingepoteza kasi hata kidogo, kisha zidisha tofauti hiyo kwa kasi ya upepo. Jibu ni umbali iliopeperushwa.

Tuifanyie kazi. Risasi ya .308 ikitoka mtutuni kwa mita 790 kwa sekunde, bila hewa ingefika mita 1,000 kwa sekunde 1.27. Kwa hewa yetu hutumia sekunde 1.87 hivi. Imechelewa sekunde 0.6. Upepo wa ubavuni wa mita 3 kwa sekunde, ambao kwenye mwambao wa ziwa tunauita upepo mwanana, utaipeleka pembeni mita 1.8, yaani urefu wa mtu mzima. Ile 6.5 inachelewa chini ya sekunde 0.4, na upepo huohuo unaipeleka mita 1.1.

Jedwali hili nimelikokotoa kwa mwinuko wa ziwa, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, joto la nyuzi 25 na upepo wa ubavuni wa mita 3 kwa sekunde. Tarakimu ni za kukaribia. Mtutu wako utazisogeza juu au chini kidogo.

| | .223, greini 77 | .308, greini 175 | 6.5 Creedmoor, greini 140 |
|---|---|---|---|
| Kasi mtutuni (m/s) | 838 | 790 | 826 |
| Kasi kwenye mita 600 (m/s) | 480 | 510 | 610 |
| Kupeperushwa kwenye mita 600 | sm 68 | sm 55 | sm 36 |
| Kasi kwenye mita 1,000 (m/s) | chini ya sauti | 360 | 480 |
| Kupeperushwa kwenye mita 1,000 | haifai | m 1.8 | m 1.1 |

Tazama safu mlalo ya kwanza na ya pili. Ile .223 ndiyo inayotoka mtutuni kwa kasi kuliko zote, lakini ikifika mita 600 imeshakuwa ya mwisho. Tazama tena .308 na 6.5: ya kwanza ni nzito zaidi kwa gramu mbili na ushei, lakini ndiyo inayopeperushwa zaidi. Basi uzito peke yake haukusaidii, na kasi ya mtutuni peke yake haikusaidii. Kinachosaidia ni uzito mwingi ndani ya umbo jembamba, refu, lenye ncha kali na mkia uliopunguzwa. Watengenezaji hulieleza hilo kwa namba moja kwenye boksi, kipimo cha balistiki, na namba kubwa ndiyo nzuri. Ila angalia neno moja kabla ya kulinganisha maboksi mawili: kipimo hicho huandikwa kwa mizani mbili, G1 na G7, kila moja ikilinganisha risasi yako na umbo lake la mfano. Namba ya G1 karibu mara zote huonekana kubwa, na kwenye risasi ndefu zenye mkia uliopunguzwa G7 ndiyo inayofuata ukweli kwa karibu zaidi kadiri kasi inavyoshuka. Linganisha G7 na G7. Kwa risasi zetu, .308 ya greini 175 iko karibu na 0.243, na 6.5 ya greini 140 karibu na 0.326. Pengo hilo ndilo linalozaa pengo lote la jedwali.

Sasa hewa ya Mwanza. Tumezoea kuzungumzia ziwa kana kwamba tuko usawa wa bahari, lakini tuko juu zaidi ya kilomita moja, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Unyevunyevu wa ziwa, ambao wengi hudhani unaifanya hewa iwe nzito na kuizuia risasi, unaifanya iwe nyepesi kidogo zaidi, kwa sababu mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Athari yake ni ndogo sana, usiihangaikie. Athari ya mwinuko ndiyo ya kuheshimiwa, na anayenufaika nayo kuliko wote ni mwenye .308.

Sababu ni mpaka wa sauti. Kwa nyuzi 25 sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde. Risasi inaposhuka kukaribia kasi hiyo, mawimbi ya mgandamizo yaliyokuwa yametulia juu ya mwili wake huanza kuhama, na risasi isiyo imara huanza kutikisa kichwa. Kundi la matundu lililokuwa limebana kwenye mita 800 linatawanyika ghafla kwenye mita 900, na mlengaji anabaki kuilaumu darubini. Mwanza, .308 ya greini 175 inafika mita 1,000 ikiwa bado juu kidogo ya sauti. Ukiipeleka pwani bila kubadili chochote, itakuwa imeshaanguka chini ya sauti kabla ya kufika. Ile 6.5 haina wasiwasi huo popote. Kwenye mita 1,000 bado ina akiba ya zaidi ya mita 100 kwa sekunde.

Kwa sababu hiyo, mwenye .308 anapaswa kukaa na uchaguzi wa kichwa cha risasi kwa muda mrefu kuliko wenzake. Madukani utakutana na ya greini 168, maarufu sana, yenye sifa ya usahihi iliyopatikana kihalali. Sifa hiyo ilipatikana mita 300. Mkia wa risasi ile ya kale ya mashindano hupungua kwa pembe kali, nyuzi 13 hivi, na inapokaribia mpaka wa sauti pembe hiyo ndiyo inayoitikisa. Ile ya 175 ina mkia wa pembe laini zaidi, karibu nyuzi 9, na inavuka vizuri zaidi. Tofauti ya greini saba kwenye boksi inaonekana ndogo, na bei huwa karibu sawa, lakini moja inafaa kazi hii na nyingine haifai. Ukiwa na 168 tu, ifurahie hadi mita 600 au 700 na uishie hapo.

Kuna sababu ya kweli ya kuchagua .308 pamoja na udhaifu wake kwenye upepo. Katika mashindano ya F-Class, ambamo mlengaji hulala akiwa ameegemeza bunduki, daraja la F-TR linakubali .223 Remington na .308 Winchester pekee. Ukija na 6.5 utapangwa F-Open, ambako utakutana na watu wenye bunduki nzito na risasi za kila namna hadi kipenyo cha milimita 8, na hapo 6.5 Creedmoor si mfalme tena. Mashindano ya Palma, yaliyoanza mwaka 1876 katika uwanja wa Creedmoor karibu na New York na ambayo leo hulengwa kwa yadi 800, 900 na 1,000, nayo yamekaa miaka mingi katika ulimwengu wa .308. Aliye na ndoto ya kupiga Bisley kule Uingereza, ambako walengaji wa Kenya na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola hukutana, ajue hilo kabla ya kununua mtutu. Na ajue kwamba jedwali lake la kliki la Mwanza halitamfaa: hewa ya pale ni nzito zaidi, na .308 itatua zaidi ya mita moja chini ya ilikotua huku.

Nyongeza nyingine mbili kwa .308. Imekuwepo tangu 1952, hivyo hupatikana karibu kila duka la silaha, wakati 6.5 Creedmoor, iliyotangazwa na Hornady mwaka 2007, bado unaweza kuisubiri. Na mtutu wake unadumu. Walengaji huhesabu risasi 5,000 na zaidi kwa mtutu wa .308 kabla usahihi haujaanza kwenda, na 2,000 hadi 3,000 kwa 6.5. Kwa mtu ambaye kubadilisha mtutu kunamaanisha kuagiza nje na kusubiri vibali, hilo ni jambo zito, na simlaumu anayeamua kwa hilo peke yake. Kwa upande mwingine, .308 inapiga bega zaidi. Mlengaji mpya anayelala kwenye mkeka na kupiga risasi 60 kwa siku ataanza kukunja uso kabla ya mlio, na hakuna kipimo cha balistiki kitakachomwokoa.

Anayechukua 6.5 ahakikishe msokoto wa mtutu, yaani urefu ambao mifereji ya ndani huizungusha risasi mara moja, ni inchi 8 kwa mzunguko mmoja, maana risasi ndefu zinahitaji kuzungushwa kwa nguvu ili zisitikisike. Bunduki nyingi za aina hiyo huja hivyo. Kwa .223 ya greini 77 utafute inchi 8 au 7. Bunduki za .223 za zamani zenye inchi 12 hazitaituliza risasi hiyo, na utaona matundu yaliyoingia ubavu kwenye karatasi. Zaidi ya hapo .223 haina mengi. Ni nafuu, haimpigi mtu bega, inafundisha vizuri hadi mita 600, na baada ya hapo kila upepo mdogo unakuwa mkubwa.

Lipo jambo ambalo anayeishi mwambao huu amepewa bure na asilijue. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Majedwali mengi ya balistiki yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini, nazo humtaka mlengaji arekebishe mkengeuko wa pembeni unaotokana na mzunguko wa dunia. Kwenye latitudo ya Bisley, kwa .308 kwenye mita 1,000, mkengeuko huo ni sentimita 10 hivi. Hapa ni chini ya sentimita moja. Uache kabisa. Ila mzunguko huohuo una mkono wa pili, wa juu na chini, na huo kwenye ikweta ndio unaofikia ukubwa wake wote: ukilenga mashariki risasi itatua sentimita 13 au 14 juu zaidi, ukilenga magharibi itatua chini kiasi hichohicho. Duara la alama 10 la F-Class kwenye yadi 1,000 lina upana wa sentimita 25 hivi. Anayehama kutoka uwanja unaotazama mashariki kwenda unaotazama magharibi ataona tofauti yote ya sentimita 27 na kudhani darubini imelegea. Kwa 6.5, inayofika mapema, athari hiyo ni ndogo kidogo.

Na upepo wetu wenyewe? Unabadilika kwa mpangilio unaoweza kujifunza. Alfajiri hewa ya nchi kavu, iliyopoa usiku, huteremka kuelekea ziwani. Jua likipanda, ardhi hupata joto kuliko maji, na upepo hugeuka kutoka ziwani kuja nchi kavu, ukizidi nguvu mchana. Katikati kuna kipindi kifupi cha utulivu wakati wa kugeuka, na kwa mwenye .308 hicho ndicho kipindi cha thamani kuliko vyote. Mwenye 6.5 anaweza kuendelea hata baada ya upepo kuamka, kwa kuwa kosa lilelile la kusoma upepo linamgharimu theluthi mbili tu ya linavyomgharimu mwenzake. Mawe yetu makubwa ya granaiti yanaongeza kazi: nyuma ya kila rundo la mawe upepo huzunguka, na bendera iliyo karibu nawe inaweza kuonyesha kushoto huku nyasi za mita 500 zikilala kulia. Ukilazimika kuamini mmoja kati ya hizo mbili, anza na ulio karibu nawe, kwa sababu risasi iliyogeuzwa mapema hubeba kosa hilo njia yote.

Mawe hayohayo na ziwa lenyewe yananilazimu kusema hili kwa uzito. Risasi hizi, zikikosa kizuizi, huruka kilomita kadhaa. Zikigonga jiwe hupasuka au kurukia upande usioutarajia, na zikigonga maji kwa pembe ndogo huruka tena mbele. Ziwani kuna wavuvi wa dagaa na sangara usiku na mchana. Usilenge kamwe kuelekea majini wala kwenye mlima wa mawe. Lenga kwenye uwanja uliokubaliwa kisheria, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha, na kwa silaha na risasi zilizoandikwa kwenye leseni yako. Nchi yetu ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na polisi ndio pa kuanzia kabla ya kulipa senti kwa muuzaji yeyote. Risasi zako zisikae juani zikisubiri zamu. Baruti iliyopata moto huongeza mgandamizo, kasi hupanda, na kwenye mita 1,000 tofauti ya mita 10 kwa sekunde inahamisha tundu la .308 kwa takriban sentimita 30 juu au chini.

Sasa yule mdogo wa nne: .22 ndogo, ya greini 40, yenye kasi ya mita 325 hivi kwa sekunde. Kwenye mita 200, upepo unaihamisha kwa pembe inayokaribiana na ile ambayo .308 huhamishwa kwenye mita 800. Maana yake, mtu mwenye uwanja wa mita 200 tu anaweza kujifunza kusoma upepo wa masafa marefu kwa sehemu ndogo ya gharama, bila bega kuumia na bila kula mtutu wa thamani. Ningemshauri kila anayeanza aimalize shule hiyo kwanza, hata kama fedha ya 6.5 anayo tayari. Ila anaponunua boksi, asivutwe na zile zilizoandikwa kwamba zina kasi ya juu. Risasi ya .22 inayotoka juu ya kasi ya sauti hukinzwa vikali mno mwanzoni mwa safari, huchelewa zaidi ukilinganisha na muda ambao ingetumia bila hewa, na upepo uleule huipeleka mbali zaidi kuliko ile ya taratibu. Achukue ya chini ya sauti, ya kiwango cha mashindano, na anunue za toleo moja kadiri leseni yake inavyomruhusu.